Ufa Usio na Jiwe

Tulimwacha fundi wetu wa vioo ameinama juu ya boneti, kucha ya kidole gumba ikitembea juu ya ufa wa kioo cha mbele, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikiuliza: "Umeona nini hapo, fundi?"

Hakugeuka haraka. Ungegeuka wewe?

Kwa faida ya msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa misumari kabla hajalimaliza: gari ni la Mama Hakimu, hakimu mstaafu, aliloachiwa na marehemu mumewe. Jeusi, refu, la kifahari, la enzi zile viti vilipokuwa vya ngozi ya kweli. Halitengenezwi tena. Jumapili kioo chake cha mbele kilipasuka, na dereva wake wa miaka mingi, Mzee Breki, akasema limepigwa na jiwe barabarani. Mama Hakimu akaanza na swali moja: barabara gani, wakati gari hili halivuki geti bila ruhusa yangu?

Maswali yakaongezeka, mpaka Mzee Breki akakiri kwamba alilitoa bila ruhusa. Akafukuzwa kazi, na leo jioni anatakiwa awe ameshahama chumba cha uani alichoishi na mkewe.

Sasa basi, Mzee Breki ndiye baba mzazi wa mchumba wa fundi wetu. Harusi ni mwezi ujao.

Turudi kwenye kucha. Jiwe likipiga kioo huacha kidonda, kashimo kadogo ambako kucha hukwama. Kucha ya fundi haikukwama popote. Ufa ulianzia chini kabisa, pembeni, ndani ya mpira wa fremu, mahali ambapo jiwe halifiki hata likitumwa. Ufa wa namna hiyo humaanisha kwamba kioo kilikalishwa vibaya tangu siku ya kwanza. Na aliyekikalisha, mwaka jana, alikuwa yeye mwenyewe.

"Nimekuuliza, fundi."

"Jiwe, Mama," akasema. "Ni jiwe hasa."

Hivyo tu. Neno limemtoka mdomoni kabla hajalipima, na sasa liko nje, halirudi. Masikio yakamwaka moto.

Mama Hakimu akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni. "Nilikuwa natumaini utaniambia kitu kingine," akasema. "Mtu amenitumikia tangu mume wangu yu hai. Nimekaa usiku kucha nikitafuta njia ya kumwamini. Haya, fanya kazi yako."

Akaingia ndani. Ufunguo wa gari, aliomnyang'anya Mzee Breki, ulikuwa ukining'inia kwenye kidole chake.

Fundi akabaki na vifaa vyake. Angeweza kumkimbilia pale pale. Mlango ulikuwa wazi, hatua chache tu. Badala yake akachukua waya wake mwembamba, akaupenyeza kwenye gundi ya zamani, akaanza kukata. Mimi ninayewasimulia nilitamani kumzaba kofi.

Waya ukawa unakwenda na kurudi, gundi ikilia kama mtu anayesaga meno. Alikata juu, akakata kulia, akakata kushoto. Ile kona ya chini aliiacha ya mwisho, akaizunguka kama mtu anayekwepa kupita mbele ya nyumba ya mdai wake. Mwishowe ikabaki hiyo peke yake. Akavuta.

Kitu kidogo kikadondoka juu ya boneti, kikabingirika, kikatulia.

Kizibo cha soda.

Kila fundi wa vioo ana ujanja wake. Kioo kikiwekwa juu ya gundi mbichi huteleza kushuka, kwa hiyo chini yake huwekwa vipande laini vya kukibeba mpaka gundi ishike. Fundi wetu hukata vipande hivyo kwenye soli za kandambili kuukuu. Mwaka jana alizikata kandambili za bluu za mchumba wake, na vipande vyake vilikuwa bado vimekaa kwenye fremu, vizima kabisa. Ila siku ile kimoja kilipungua. Na siku ile alikuwa na haraka, kwa sababu jioni yake alikuwa anapelekwa kwa Mzee Breki, pale pale uani, kutambulishwa kama mtu anayetaka mke.

Akakikunja kizibo kwa koleo, akakisukuma kwenye kona. Chuma chini ya kioo! Mwanafunzi wa wiki moja hafanyi hivyo. "Kesho nitakuja kukitoa," alijiambia. Kesho yake alikuwa mchumba wa mtu, anatembea barabarani akicheka peke yake, na kizibo kikasahaulika.

Sasa kilikuwa mbele yake, kimeota kutu, kimemsubiri. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akakitia mfukoni.

"Unaficha nini?"

Ni Sindano, mchumba wake. Ni mshonaji, lakini jina hilo hakupewa kwa ajili ya kazi, alipewa kwa ajili ya ulimi. Alikuwa amebeba godoro la baba yake kichwani, jasho linamchuruzika, na nyuma yake mkokoteni umeshapakiwa nusu.

"Sifichi kitu. Msumari."

"Baba yangu anatolewa vyombo nje, wewe unampambia gari aliyemtoa."

"Ni kazi tu, Sindano."

"Najua ni kazi. Sikulaumu." Akalishusha godoro. "Ungekataa wewe, angekuja mwingine. Si kosa lako."

Fundi akatamani amtukane. Angemtukana, angepata nafuu. Akainama akamsaidia kufunga kamba kwenye mkokoteni, akaikaza sana, akaifungua, akaikaza tena.

"Mama yako yuko wapi?"

"Hukusikia? Kahamia kwa mama mdogo. Anasema hakai na mwanamume anayeiba gari la watu kwenda kumtembeza hawara."

"Hawara? Mzee Breki?"

"Mimi nitajuaje?" Sauti ikamkatika. Sindano, ambaye humkata mtu maneno akiwa amelala usingizi, alikuwa analia. "Namuuliza, Baba, Jumapili ulikwenda wapi na gari? Anautazama ukuta. Mama analia kule, yeye kanyamaza huku. Kamuulize wewe. Wewe anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

Fundi akaenda. Miguu ilikuwa mizito na kizibo mfukoni ndicho kilichokuwa kizito zaidi.

Chumba kilikuwa kitupu isipokuwa kitanda kisicho na godoro, alama za makabati zimebaki ukutani. Mzee Breki ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaikunja sare yake ya udereva taratibu, kona kwa kona. Alipomwona fundi akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Viti vimetangulia."

"Baba, kile kioo hakikupigwa na jiwe."

Tabasamu likaondoka. "Funga mdomo. Kisha funga na mlango."

Fundi akaufunga mlango.

"Nilikuwa naliosha gari," Mzee Breki akasema, macho kwenye sare. "Jua kali, bati linachoma. Nikafungulia mpira wa maji, maji ya baridi yakapiga kioo. Nikasikia *ti*. Nikauona ufa unatoka kwenye kona unapanda, taratibu, kama unajua unakokwenda. Na kona yenyewe ni ile uliyoweka kizibo cha soda yangu."

"Uliniona?"

"Soda nilikupa mimi. Mkono ulikuwa unakutetemeka, nikasema unywe upoe. Nikakuona unakunja kizibo. Nikadhani ndivyo mafundi mnavyofanya. Mimi najua kuendesha, sijui kukalisha vioo."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mzee Breki akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Karakana yako iko kwenye fremu ya duka ya nani? Nani aliwaambia mahakimu wenzake wote wakuletee magari yao, kwa sababu wewe ni kijana mwaminifu? Mama Hakimu akijua unakalisha vioo juu ya vizibo vya soda, wewe na binti yangu mtaishije? Nikasema jiwe. Nikadhani nimemaliza. Nikasahau naongea na nani, mwanangu! Jiwe gani, barabara gani, ulikuwa unakwenda wapi, ukitokea wapi. Yule mama alinizungusha mpaka nikajikuta nimekiri safari ambayo sikwenda."

"Mama kule anasema una hawara."

"Nimesikia." Akaupapasa upara wake. "Kwa umri huu, ni heshima kubwa kwamba kuna mtu anaamini." Lakini sare ikamfunguka yote, akaanza kuikunja upya.

"Nitakwenda nimwambie ukweli Mama Hakimu."

"Huendi!" Mzee akasimama. Hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja. "Ukisema, nitakuwa nimefukuzwa bure. Mke kaondoka bure. Nimeshakuwa mwongo, basi niache angalau niwe mwongo mwenye faida. Nenda kamalize kazi yako. Kalisha vizuri safari hii."

Safari hii! Msomaji, kuna maneno ambayo mtu husema kwa upendo na yakakuchoma kuliko matusi.

Fundi akarudi. Akaikwangua fremu mpaka ikang'aa, akapaka dawa ya kutu, akakata vipande vipya vya soli laini, akavihesabu, akavihesabu tena. Akazungusha gundi nyeusi pande zote. Kioo kipya kilikuwa kimesimama ukutani, kimefungwa blanketi. Kimetafutwa mpaka ng'ambo, kikapatikana kwenye gari la aina ile ile lililochinjwa ili kuuzwa vipuri. Mwenye duka alisema wazi: hiki kikivunjika, msinipigie simu.

Kioo cha ukubwa ule hakiinuliwi na mtu mmoja. Aliyekuwa karibu ni Sindano.

"Shika upande huo."

Wakakinyanyua pamoja, yeye kushoto, mchumba wake kulia. Kwa muda kioo kilikuwa kati yao, naye akamwona mle ndani, macho yamevimba, mdomo ameuuma ili asikosee. Mikono inayoshona magauni ya maharusi ilikuwa inashika kioo kile kwa uangalifu, ikimsaidia yeye kufuta kosa lake. Hajui. Hajui kabisa.

"Taratibu. Shusha. Hapo hapo."

Kioo kikakaa. Kikalala juu ya gundi bila kelele, sawasawa pande zote. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuifurahia hata kidogo.

Palibaki mambo mawili. La kwanza, kukifunga kwa utepe mpana kutoka kwenye paa mpaka kwenye boneti, ili kisisogee. La pili, kushusha vioo vya milango. Magari haya ya zamani ya wakubwa hayapitishi hewa. Ukibamiza mlango wakati vioo vyote vimepandishwa, hewa ya ndani inakosa pa kutokea, inasukuma kioo cha mbele. Gundi ikiwa kavu, hakuna neno. Gundi ikiwa mbichi, kwaheri.

Vioo vyake ni vya umeme, kuvishusha kulihitaji ufunguo. Ufunguo uko kwa Mama Hakimu. Kuuomba ni kumtazama machoni. Fundi akaona heri auache mlango wa dereva wazi, basi.

"Jamani, mlango huu usifungwe!" akatangaza kwa uani mzima. Sindano alikuwa ameshakwenda kumchukua baba yake, na waliosikia ni kunguru.

Akachukua utepe. Kabla hajaukata, Mama Hakimu akatoka.

Alilizunguka gari lote, mikono nyuma. Akatazama kioo, akajiona mle ndani, akaunyoosha mtandio wake.

"Kazi nzuri," akasema. "Marehemu angefurahi. Unajua, fundi, katika nyumba hii nilikuwa na watu wawili ninaowaamini macho yamefungwa. Yule dereva, na wewe. Sasa amebaki mmoja."

Fundi akafungua mdomo kusema asante. Mzee Breki na binti yake walikuwa wanakuja, wameshika kitanda, mmoja mbele mmoja nyuma, na mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa mbali: *usiseme, usiseme.*

"Hajabaki, Mama," fundi akasema.

"Nini?"

"Huyo mmoja. Hajabaki." Akatia mkono mfukoni, akakiweka kizibo kwenye kiganja cha Mama Hakimu. "Hiki nilikiweka mimi, chini ya kioo, mwaka jana, kwa haraka zangu. Ndicho kilichokipasua. Hakuna jiwe. Gari halikutoka. Asubuhi uliponiuliza nilikudanganya, kwa sababu niliogopa. Mzee Breki alikuwa ananifichia aibu yangu."

Kitanda kikatua chini kwa kishindo.

Mama Hakimu akaenda mpaka kilipolazwa kioo cha zamani, juu ya majani. Akapiga magoti, na gauni lake lile, akapitisha kucha juu ya ufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudia.

"Mzee Breki. Gari lilitoka Jumapili?"

Mzee akamtazama fundi kwa jicho ambalo fundi hatalisahau. "Halikutoka, Mama."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikudanganya, Mama."

"Nimedanganywa mahakamani na watu wa kila aina," Mama Hakimu akasema polepole. "Wanadanganya wapate mali, wanadanganya wasifungwe. Sijawahi kumwona anayedanganya ili apate hasara." Akainuka kwa shida, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya mwanamke mzee tu, haikuwa ya hakimu. "Na mimi nikamfukuza. Mkeo yuko wapi?"

"Kwa mdogo wake."

"Nitampigia mimi mwenyewe, sasa hivi. Na hicho kitanda kirudi ndani." Akamgeukia fundi. "Wewe sijamalizana nawe. Usiondoke."

Akaingia ndani kutafuta simu.

Fundi alitaka kukaa chini pale pale kwenye majani alie kama mtoto. Imekwisha. Mzee amerudi kazini, chumba kimerudi, mama atarudi. Karakana ikienda na iende. Utepe ulikuwa bado mkononi mwake, haujakatwa.

"Ulijua lini?"

Ni Sindano.

"Asubuhi."

"Kabla sijafika?"

"Kabla."

"Kwa hiyo uliponiona na godoro la baba yangu kichwani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanifungia kamba kwenye mkokoteni."

"Sindano..."

"Nikakwambia si kosa lako." Alikuwa anaongea chini chini, na fundi angelipa chochote apigiwe kelele. "Nimekwambia mama yangu analia. Nikalia mbele yako mimi, ambaye silii. Na kizibo kiko mfukoni mwako."

"Binti yangu, mwache," Mzee Breki akasema. "Amesema mwenyewe mwishoni."

"Mwishoni!" Akaligeukia lile gari. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na mto mdogo, alioushona yeye mwenyewe zamani kwa ajili ya mgongo wa baba yake. "Hata huu mngeuacha umo humu. Kila kitu cha baba yangu ni cha kuachwa."

Akaingiza mwili nusu, akauchukua mto, akaukumbatia. Akarudi nyuma. Mkono wake mwingine ukaushika mlango.

Fundi aliona. Aliona vioo vyote vimepandishwa. Aliona utepe mkononi mwake mwenyewe.

"Sindano, usifu..."

Akaubamiza kwa hasira zake zote.

Hakukuwa na mlipuko. Palisikika pumzi tu, kama mtu anayeshusha mzigo. Ukingo wa juu wa kioo ukainuka kutoka kwenye gundi, kioo kizima kikasita, kikateleza juu ya boneti, na kikatua kwenye sakafu ya saruji kwa pembe yake. Nyufa zikatawanyika kutoka upande mmoja mpaka mwingine.

Kioo ambacho hakina mwenzake.

Mama Hakimu akatokea mlangoni, simu ikiwa sikioni. Akatazama gari lenye tundu mbele. Akatazama sakafu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Mama," fundi akasema.

"Ni mimi," Mzee Breki akasema, wakati ule ule.

Mama Hakimu akaishusha simu taratibu. Ndani yake sauti ya mke wa Mzee Breki ilikuwa inaita, halo, halo, nani amefanya nini? Hakuijibu. Aliwatazama wanaume wawili mmoja baada ya mwingine, kisha macho yake yakawapita, yakaenda mpaka kwenye mlango wa gari uliofungwa, na kwa msichana aliyesimama kando yake.

Sindano alikuwa ameukumbatia mto wa baba yake, macho chini. Aliyemhukumu mwenzake kwa kunyamaza alikuwa amenyamaza.